UZI: Jina lililoandikwa kwenye stiki zako za dramu lilikuwa la mtu, na mtu huyo alikaa nyuma ya okestra miaka 50

MzeeWaMatoazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumapili, tukiwa tunakunja nyaya za spika, kijana ninayemfundisha dramu kanisani aliniletea stiki zake. Zimechakaa, ncha moja imeliwa kama mswaki wa mti, maandishi yamebaki nusu. Akauliza: "Mwalimu, hivi Vic Firth ni kampuni ya Wachina au ya Wamarekani?" Nikamwambia ni jina la mtu, na hata mshahara wake hakuupata kwenye dramu za bendi. Akacheka, akajua namtania. Usiku nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimeshika jina hilo mkononi zaidi ya miaka 20, na habari za mwenyewe nilikuja kuzijua nikiwa tayari na watoto wanasoma. Basi uzi huu ni wa yule kijana, na wa yeyote aliyewahi kugonga kitu akaambiwa anapiga kelele tu. Mtanisamehe urefu.

Jina lake kamili ni Everett Joseph Firth, Vic ni la kuitwa tu. Alizaliwa 1930 Winchester, jimbo la Massachusetts, akakulia Sanford, mji mdogo wa Maine. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta, kwa hiyo mtoto alishikishwa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, angali mdogo kabisa. Koneti haikumkaa. Alipofika miaka 16 alikuwa ameshahamia kwenye ngoma, tena ana bendi yake ya dansi ya watu 18.

Baadaye akaenda kwa walimu, na hapa nawaomba msipite haraka. Boston kulikuwa na mzee anaitwa George Lawrence Stone, aliyetoa kitabu cha mazoezi mwaka 1935. Fungua ukurasa wa kwanza: hakuna wimbo, hakuna picha, ni herufi za mkono wa kulia na mkono wa kushoto tu. Zoezi la kwanza ni kulia kushoto kulia kushoto. La tano: kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto. Kila zoezi unalirudia mara 20 bila kusimama ndipo uende linalofuata. Nimewapa vijana wangu kitabu hicho. Siku ya tatu nusu yao waligundua wana vipaji vya kuimba.

Mwalimu mwingine alikuwa New York: Saul Goodman, aliyeingia okestra ya New York Philharmonic mwaka 1926 kupiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra, hata miaka 20 hajafikisha, akatoka 1972. Miaka 46 nyuma ya ngoma zilezile, na huku anafundisha chuo cha muziki cha Juilliard. Firth alikuwa anatoka Boston kwenda kwa huyo mzee kunoa sikio. Nasema sikio, si mkono. Nitarudi hapo.

Mwaka 1952 akaingia okestra ya Boston Symphony, mdogo kuliko wanamuziki wote waliokuwamo. 1956 akawa mkuu wa timpani. Akatoka 2002.

Naenda kula, narudi.

KirobotoWaUbungo

Nimeweka kambi. Lakini mkuu, kuwa mkweli. Mimi nimeangalia hizo okestra kwenye video. Wenye fidla wanatokwa jasho, wenye filimbi mashavu yamevimba, halafu nyuma kule kuna mzee amekunja mikono dakika 20, ananyanyuka, anagonga matoazi mara moja, anakaa. Huyo analipwa mshahara sawa na wengine? Kazi hiyo naitaka.

SopranoWaPili

Kiroboto acha hizo 😂 Mwalimu endelea, na mimi nina swali la stiki ila nitalileta mwishoni.

MzeeWaMatoazi

Nimerudi. Nianze na Kiroboto maana amegusa penyewe.

Ni kweli. Simfonia ya tisa ya Dvořák, ile ya "Ulimwengu Mpya", matoazi yanalia mara moja tu kwenye sehemu ya nne, tena kwa sauti ya wastani, si ule mlipuko unaoutarajia. Mara moja katika dakika 40 hivi. Na mshahara anapokea. Okestra hazilipi kwa idadi ya nota, zingekuwa zinalipa hivyo wapiga fidla wote wangekuwa na maghorofa.

Sasa nikupe kisa changu, uniambie kama bado unaitaka hiyo kazi.

Nairobi, miaka mingi iliyopita, kwaya moja iliandaa "Masihi" ya Handel. Wakakosa mtu wa timpani, wakaniita mimi wa dramu, wakisema ngoma ni ngoma. Kwa asiyezijua: timpani ni masufuria makubwa ya shaba yenye ngozi juu, na tofauti yake na ngoma nyingi ni kwamba kila moja inatoa nota kamili. Ukiitaka re, inalia re. Okestra za leo zina nne au tano, zenye kanyagio la mguu la kubadilishia sauti, ambalo kwa sura yake ya sasa lilianzia Dresden mwaka 1881. Za kwetu zilikuwa mbili za kuazima, kuukuu, ngozi ya ndama, unazikaza kwa mkono kwa vishikizo vilivyozunguka ukingo. Kubwa nikaiweka la, ndogo nikaiweka re, nikalinganisha na ogani, nikaridhika, nikaenda kunywa chai.

Katika Masihi nzima, timpani zinalia sehemu mbili tu: Haleluya na kwaya ya mwisho. Basi. Kabla ya Haleluya nilikaa kitini zaidi ya saa moja na nusu. Nje ikaanza mvua, madirisha yako wazi. Ngozi ikivuta unyevu inalegea, ikilegea sauti inashuka. Sisi watu wa ngoma tunalijua hilo tangu utoto, ndiyo maana ngoma zinaanikwa juani au kuota moto kabla ya kupigwa. Lakini pale sikuinama kusikiliza. Nilikuwa nafaidi soprano. Watu wakasimama kwa Haleluya, nikanyanyua mikono, nikapiga re.

Haikuwa re. Ilikuwa katikati ya re na do, kama mtu aliyeshtuka usingizini akaitikia amina wakati wa matangazo. Mpiga tarumbeta wa kwanza aligeuza shingo mpaka nikaona macho yake yote mawili.

Baada ya onyesho mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa muziki, alinifuata. Akasema: "Mikono yako haina tatizo. Kabla ya Haleluya ulikuwa unafanya nini?" Nikamjibu, nasubiri zamu yangu. Akasema: "Ungekuwa kazini muda huo."

Ukimwangalia mpiga timpani vizuri, Kiroboto, utamwona kila mara anainama, sikio karibu na ngozi, anaigusa kwa ncha ya kidole kimoja taratibu, halafu mguu unasogeza kanyagio kidogo. Wenzake wanapiga kwa nguvu zote kwenye ufunguo mmoja, na yeye ndani ya kelele hizo anatafuta nota ya ufunguo mwingine utakaokuja baada ya dakika mbili. Na huku anahesabu: moja-mbili-tatu-nne, MBILI-mbili-tatu-nne, TATU-mbili-tatu-nne... mpaka tisini na kitu. Ukipotea kwenye hamsini na tatu hakuna wa kumuuliza. Mwenye fidla akipotea ana wenzake 15 wanaopiga mstari huohuo. Wewe mstari wako ni wako peke yako, na ukikosea hata mlinzi wa getini amesikia.

Halafu kuna kazi ambazo hakuna hata pa kujificha kwa kungoja. Konseto ya fidla ya Beethoven, yaani utungo wa fidla moja ikiongoza mbele ya okestra, inafunguliwa na timpani peke yake, mapigo manne laini, ndipo wengine waingie. Ukumbi kimya, watu wamemaliza kukohoa, na wewe ndiye unayeamua jioni nzima itakwenda kwa mwendo gani.

KirobotoWaUbungo

Naomba kuondoa maombi yangu ya kazi.

MjukuuWaBeni

Asante kwa uzi mkuu. Babu yangu alipiga dramu kubwa kwenye beni, zile ngoma za gwaride na matarumbeta, Tanga, upande wa Arinoti, enzi zile mji umegawanyika vikundi viwili, Arinoti na Marini, na watu wanashindana mavazi mpaka wanakopa. Bibi alikuwa akisema babu anaweza kulala kwenye gwaride na mkono unaendelea. Sikuwahi kusikia mtu akiiongelea kazi yake kwa heshima kama hivi. Kwenye picha ya familia aliyeshika tarumbeta ndiye yuko katikati, babu kakatwa nusu.

MzeeWaMatoazi

Kakatwa nusu! Mkuu umenichoma. Hiyo picha kama ipo itunze.

Sasa stiki. Firth ana miaka kumi na kitu okestrani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi zinazoletwa mezani zinazidi kudai sauti za kila aina, na stiki za madukani zinamkera: hazijanyooka, jozi moja fimbo hii nzito hii nyepesi. Mpiga dramu wa dansi anaweza asijali, matoazi na besi vinamfunika. Lakini kwenye okestra kuna kitu kama "Boléro" ya Ravel, ya 1928. Dramu ndogo inaanza peke yake, kwa sauti ya chini kiasi kwamba mtu wa safu ya nyuma anajiuliza kama imeanza. Mdundo wake ni wa vipimo viwili, yaani mafungu mawili ya kuhesabia, mapigo 24, unarudiwa mara 169. Zidisha: mapigo 4,056, karibu robo saa, unapanda taratibu bila kuharakisha hata chembe. Sasa mkono wa kulia uwe na fimbo inayolia "ti" na wa kushoto inayolia "ta". Ukumbi mzima utasikia mtu anachechemea dakika 15.

Akachukua fimbo nene, akazichonga kwa mkono wake, akapiga msasa, akajaribu, akachonga tena. Sampuli zilizomridhisha akampelekea fundi wa kukereza mbao huko Montreal, Kanada. Nia yake ilikuwa apate za kwake. Ila alikuwa anafundisha chuo cha muziki cha New England Conservatory, na mnajua wanafunzi: wakaona, wakataka. Wakatoka nazo, marafiki zao wakataka, maduka yakaanza kuuliza. Mwaka 1963 ikawa kampuni. Mbili za mwanzo ni za dramu ndogo ya okestra, na zinauzwa mpaka leo: SD1, jina lake General, na SD2. Hiyo SD2 inaitwaje? Bolero.

Kwa hiyo stiki zilizokuja kushikwa na Charlie Watts, mpiga dramu wa bendi ya Rolling Stones, na ambazo kijana wangu anazitafuna kanisani, zilianza kwa mtu wa okestra aliyechoshwa na "ti-ta". Kiwandani wanazipima uzito na kuzigonga kusikiliza sauti, zinazofanana ndizo zinafungwa pamoja.

Na ile 5A iliyoandikwa kwenye stiki zenu, yaani saizi yake, A ni ya okestra. Mpangilio wa zamani wa Wamarekani ulikuwa B kwa bendi za ala za kupuliza, S kwa gwaride za barabarani, A kwa okestra. Inasimuliwa waliikwepa O kwa sababu A ilipendeza zaidi ikichapwa. Namba ikipungua fimbo inanenepa, ndiyo maana 7A ni nyembamba kuliko 5A. Kila Jumapili mnashika fimbo ya okestra mnaipigia sebene.

FundiCherehani

Mimi nilinunua 5A zenye jina hilohilo, bei ya kutupa, duka fulani Kariakoo. Wiki ya pili moja ilipinda kama upinde wa mshale, nyingine ikavunjika ibada ya Pasaka, kipande kikampata mzee wa kanisa. Herufi za jina zilikuwa zimeandikwa "Vic Frith". Sikuona mpaka nilipokuwa naokota.

SopranoWaPili

😂😂😂 Vic Frith ni mdogo wake. Mwalimu, kuna kitu sijaelewa. Mtu kama huyo Firth aliingiaje okestrani? Kule wanaangalia unamjua nani kama huku kwetu?

MzeeWaMatoazi

Dada swali zuri. Zamani kujuana kulikuwepo sana, mwongoza okestra anamchukua mwanafunzi wa rafiki yake, yameisha. Boston Symphony yenyewe ndiyo inayotajwa miongoni mwa za kwanza kuweka pazia, na mwaka ni huohuo 1952. Unapiga nyuma ya pazia, waamuzi hawakuoni, wana namba yako tu. Baadaye ikaonekana hata viatu vinasema: sauti ya visigino ilikuwa inawatambulisha wanawake kabla hawajapiga nota, watu wakaambiwa wavue viatu au pakatandikwa zulia.

Kwa watu wa ala za kupiga usaili ni mateso ya aina yake. Hupigi wimbo mzima. Unaitwa: vipimo kadhaa vya zailofoni (vibao vya mbao vinavyogongwa) kutoka "Porgy and Bess" ya Gershwin, kisha dramu ndogo ya utungo wa "Scheherazade", kisha glokenspili (vibao vya chuma) kutoka utungo wa Dukas, kila kimoja sekunde 30 au dakika, huku unahama chombo hadi chombo. Miaka ya mazoezi inaamuliwa kwa muda ambao wali haujaiva.

Ukishaingia umeingia kwelikweli. Firth alipigia waongoza okestra wanne waliopokezana Boston: Munch, Leinsdorf, Steinberg, Ozawa. Alikuwemo 1956 Boston ilipokuwa okestra ya kwanza ya Marekani kupiga muziki Urusi ya Kisovieti, na 1979 walipokwenda China. Ozawa aliongoza kuanzia 1973 hadi 2002, na mwaka huohuo Firth naye akatundika fimbo.

Na muda wote huo anafundisha. Mchana mazoezi ya okestra, kati yake wanafunzi, usiku onyesho, na kampuni juu yake. Aliandika vitabu vya mazoezi ya timpani na ya dramu ndogo, mpaka leo wanafunzi vinawatoa jasho. Mimi nafundisha watoto 11 kwa wiki na Ijumaa nikirudi nyumbani redio sitaki kuisikia.

Mwanabukavu

Salamu toka Bukavu. Naongeza kidogo: msifikiri okestra ni ya wazungu tu. Kinshasa tuko na Orchestre Symphonique Kimbanguiste, Armand Diangienda aliianzisha 1994. Mwanzo fidla zilikuwa chache, watu wanapokezana, mmoja akipumzika mwingine anashika. Nyuzi zikikatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga Beethoven na kwaya nzima.

MzeeWaMatoazi

Asante sana ndugu. Waya wa breki! Na mnaoniuliza faragha mtoto ajifunze wapi: Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, ya tangu 1944. Zanzibar kuna chuo cha Dhow Countries pale Mji Mkongwe, tangu 2002. Kule ngoma za taarabu, dumbak na rika, zinafundishwa kwa heshima ileile. Mpeleke mtoto huko kabla hujamnunulia dramu nzima akavunja ndoa ya jirani. Kuanza kunahitaji stiki mbili na kipande cha mpira wa tairi juu ya kiti.

FundiCherehani

Sasa dukani nitajuaje jozi iko sawa? Sitaki tena kumpiga mzee wa kanisa.

MzeeWaMatoazi

Kwanza soma jina herufi kwa herufi, umeshaona kwa nini. Pili, viringisha kila moja juu ya kioo cha kaunta. Iliyonyooka inateleza kimya, iliyopinda inaruka-ruka na utaona mwanga ukipita chini yake. Tatu, shika moja kwa vidole viwili tu, kwa ulegevu, theluthi moja kutoka kwenye kitako, igonge kwenye mbao. Sikiliza nota. Kisha ya pili, palepale, kwa nguvu ileile. Zikitofautiana rudisha, omba nyingine. Muuzaji atakuangalia kama mwehu. Mimi wa kwangu ameshazoea, ananitolea boksi zima anaendelea na simu yake.

KirobotoWaUbungo

Huyu mzee Firth bado yupo?

MzeeWaMatoazi

Alifariki Julai 2015, ana miaka 85. Kampuni ilikuwa imeshaungana na Zildjian tangu 2010, wale wa matoazi, ukoo wa Kiarmenia ulioanzisha kampuni yake Istanbul mwaka 1623. Na kabla ya hapo, jamani, kuna kitu nilikisoma nikacheka peke yangu kwenye daladala: kwa kuwa walikuwa na mashine za kukereza mbao, walitengeneza pia visaga pilipili na miti ya kusukumia unga. Chapati, ndugu zangu. Jina lilelile la kwenye stiki.

SopranoWaPili

Ngoja. Swali langu la stiki lilikuwa hilohilo! Shemeji yangu alituletea zawadi toka Marekani mti wa kusukumia chapati, una hilo jina ubavuni, nikadhani ameokota kwenye vyombo vya bendi. Nashukia jikoni.

FundiCherehani

Soma herufi kwanza.

SopranoWaPili

Nimesoma, ni Firth kamili. Nimeuviringisha mezani, umeteleza kimya. Nimeushika vidole viwili nikaugonga kwenye ubao wa kukatia. Unatoa so, so safi kabisa, nimelinganisha na kinanda cha simu. Nikachukua na ule wa mama wa mwembe.

Wa mama ni fa. Mume wangu amesimama mlangoni ananiuliza chakula saa ngapi.